Mwaka Tulioweka Jua Kusini

Papa Deo alistaafu Jumamosi iliyopita, na kwenye sherehe yake nilipewa kiti cha mbele, barazani, kati ya mkewe na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Sidhani kama nilikistahili. Walikuwapo watu waliofanya kazi naye miaka mingi, na mimi sikumaliza naye hata mwaka mmoja, tena kwa kazi ambayo haikuandikwa popote. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeniita kwa mkono: "Mama Tatu, kuja hapa, hapa kuna jua." Na hapa Macquarie Fields, pembeni mwa Sydney, kwenye baridi ya Juni, mtu akikuitia penye jua hujiulizi mara mbili. Nikakaa. Jua likanishika magoti, likapanda kifuani, na nikaanza kulifikiria jambo nililokaa nalo miaka kumi na sita bila kumwuliza. Niliporudi nyumbani nilitafuta daftari la mwaka ule, lile lenye jalada la kijani. Nilidhani nitakuta nimeandika mambo ya maana. Nimekuta nimeandika sana habari za chapati, na za hali ya hewa, na kwamba miguu inauma. Hata hivyo nitajaribu. Shule yangu ni kidato cha nne, na kidato chenyewe sikukipita vizuri, kwa hiyo msomaji anivumilie pale nitakapozunguka.

Habari za kwetu Korogwe na jinsi nilivyofika Sydney nitaziruka, maana zinafanana na za wengi. Niseme tu kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilisafisha ofisi ghorofa ya tatu katika jengo moja la Parramatta, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ghorofa ile ilikuwa na mhasibu, daktari wa macho, na mwisho wa ukumbi chumba cha watu watatu waliotengeneza picha za nyumba. Chumba hicho nilikipenda kuliko vyote, ingawa ndicho kilichokuwa na makombo mengi. Kilikuwa na meza tatu, kompyuta zinazovuma kama majiko ya mafuta ya taa, kijichumba cha jiko chenye birika na dirisha linalotazama maegesho ya magari, na ukutani picha kubwa za majengo. Nyumba nyeupe ufukweni, shule yenye miti, maktaba yenye ngazi ndefu. Kwa wiki kadhaa nilizifuta vumbi nikiamini ni picha za kamera. Kuna moja, nyumba ya matofali yenye bustani, niliipenda hadi nikawa najiambia nikipata siku ya mapumziko nitapanda treni nikaione, hata kwa nje.

Asubuhi moja nilikuta kwenye skrini iliyoachwa wazi nyumba nyingine, ya ufukweni, bahari nyuma yake. Kitu fulani kilinisumbua. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kitambaa mkononi: "Mbona hii nyumba imezama?" Nyuma yangu mtu akajibu kwa Kiswahili cha Kongo, "njo" badala ya "ndiyo": "Njo vile. Siku mbili naitafuta ile kitu, wewe umeiona na kitambaa." Nilishtuka nikamwaga maji ya ndoo, na niseme haki, yeye ndiye aliyekwenda kuchukua taulo. Alikuwa mwanamume mfupi wa miaka arobaini na kitu, koti zito, mfuko wa plastiki wenye mikate ya kukaanga ile midogo ya duara. Deogratias, wa Bukavu, mchora ramani za majengo tangu kwao. Mimi nikamwita Papa Deo kwa sababu ndivyo Wakongo wa kanisani kwake walivyomwita, na yeye akaniita Mama Tatu, maana jina langu ni Tatu, ingawa sikuwa na mtoto. Ukumbi ule tulikuwa tumepishana miezi miwili, kila mmoja akimwambia mwenzake "good morning" kwa adabu, tusijue.

Alinionyesha kosa. Aliweka kiganja chake mbele ya macho yangu, usawa wa mboni. "Mwisho wa bahari unakaa hapa. Kila mara hapa, kwenye jicho ya mutu. Ukiupandisha, nyumba inazama. Ukiushusha, nyumba inaruka." Akaishusha picha ya bahari kidogo tu kwa kipanya, na nyumba ikainuka ikasimama juu ya mchanga kama mtu aliyeitwa jina. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nikamwuliza nyumba yenyewe iko mtaa gani. Akacheka mpaka akakaa. "Haiko. Bado." Nikamwuliza na ile ya matofali. "Nayo haiko. Ile haitakuwako hata kidogo, mwenyewe alibadilisha mawazo." Ile ya mwisho iliniuma, nimeiandika daftarini.

Yeye alikuwa anafika saa kumi na mbili na nusu, saa mbili nzima kabla ya ofisi kufunguliwa, kwa sababu treni ya Macquarie Fields ilimtia hofu ya kuchelewa na kwa sababu alikuwa katika miezi ya majaribio. Hili nalieleza sasa kwa kuwa ndilo lililokuwa moyoni mwake mwaka mzima. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka minne katika ghala moja huko Seven Hills, akipanga masanduku, mpaka mgongo ukakataa. Kazi hii ya picha ndiyo ilikuwa ya kwanza kumrudisha kwenye mistari na vipimo tangu aondoke kwao. Patron, yaani mwenye ofisi, alikuwa amemwahidi barua ya kuajiriwa moja kwa moja mwaka ukiisha, akiridhika naye. Asiporidhika, ni kurudi masandukuni. Papa Deo alilitaja neno "barua" kama watu wengine wanavyotaja jina la mchumba. "Barua ikitoka, nitanunua meza." "Barua ikitoka, mke wangu ataacha kuniuliza."

Patron alikuwa Mwaustralia mrefu, jina lake Russell, na alitaka wote tumwite Russell. Mimi ilinishinda, nikawa namwambia "hello" bila jina. Sitaki aonekane mbaya katika maandishi haya. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeosha kikombe chake mwenyewe, na hilo msafishaji halisahau.

Basi ikawa desturi. Nikimaliza daktari wa macho na mhasibu, nakunywa chai na Papa Deo katika kile kijichumba cha jiko. Mimi chapati na chai ya tangawizi katika chupa, yeye mikate yake. Tulibishana kama majani aliyokuwa akila mchana ni kisamvu au sombe, na hilo tulilimaliza kwa kukubaliana kwamba ni matamu. Halafu dakika arobaini zilizobaki ananikalisha kwenye kompyuta yake. Mwanzoni kwa mchezo. Baadaye kwa kazi. Yeye alikuwa bingwa wa madirisha, ngazi, vivuli vya mabomba, ila picha za nyuma zilimchosha, na alisema mimi nina jicho. Sijui kama ninalo. Nadhani nilikuwa nimekaa sana kutazama vitu ambavyo wengine wanavipita. Nilijifunza kwamba picha ya nyuma ikiwa kali kuliko jengo, macho yanalikimbia jengo. Uipunguze rangi, uitie ukungu kidogo, kama mlima unavyokuwa ukiwa mbali. Kwenye picha ya kliniki moja ya mifugo nilijifunza kwamba mti mmoja mkubwa kuliko inavyotakiwa unalifanya jengo zima kuwa la kuchezea watoto. Papa Deo aliniambia kwamba watu wakitazama picha wanasema wanaangalia nyumba, lakini kinachowafanya waipende au waikatae kiko nyuma, na hawajui. "Sisi tunafanya kazi ya nyuma," alisema, "kama batu ba jikoni kwenye harusi." Russell hakujua. Si kwamba tulimdanganya, hakuuliza. Nilipoandika sentensi hiyo usiku nikaikata, kisha nikaiandika tena, na mpaka leo ipo, imekatwa nusu.

Mwezi wa saba wa masomo yangu ikaja kazi ya Macquarie Fields. Walitaka kujenga ukumbi wa wakazi, wenye jiko kubwa na baraza, kwenye kiwanja palipobomolewa fleti za zamani. Picha ingewekwa kwenye ubao, wakazi waje Jumamosi waione na waseme neno lao, halafu iende kaunsili, yaani halmashauri ya mji. Papa Deo aliishi mwendo mfupi wa miguu kutoka pale. Alikwenda mwenyewe kupiga picha ya mahali, siku ya mawingu, akasimama barabarani na kamera yake ndogo akitazama kiwanja. Nyuma ya kiwanja ulionekana uzio wa mbao, paa la nyumba ya mtu, miti miwili ya mikaratusi, na kamba ya nguo iliyojaa: mashuka, taulo, na gauni moja la kulalia la zambarau lililojaa upepo kama mtu mnene.

"Hii kamba tunafanya nini?" nikamwuliza.

"Patron anasema vitu vya hivi tunatoa. Picha inatakiwa safi."

"Lakini gauni ni zuri."

"Ni zuri. Toa."

Nikaitoa. Nilichukua majani ya mkaratusi nikaifunika nayo, pole pole, asubuhi mbili. Nilijisikia kama mtu anayeanua nguo za jirani bila ruhusa.

Ikabaki mbingu. Hapa inabidi nieleze jambo la kazi, nitalieleza kama nilivyolielewa. Programu ile, kwa toleo tulilokuwa nalo, haikujua mji uko wapi duniani. Mbingu ilikuwa picha ndefu inayolizunguka jengo kama pazia la duara, na jua limo ndani ya hiyo picha. Ukilizungusha pazia, mwanga unazunguka nalo na vivuli vyote vinahama. Ni wewe wa kusema jua likae wapi. Waliotuagiza walitaka iwe kama wakati wa Krismasi, saa za mchana, watu wamekaa barazani. Kwenye ramani mshale wa kaskazini ulielekea nyuma, kwa mwenye kamba ya nguo, na baraza lilitazama barabara, kusini. Nikakaa nikafikiri kwa makini. Kwetu Korogwe mwezi wa Desemba kivuli cha ukuta wa jikoni kinaangukia kaskazini, kwa sababu jua linakuwa limehamia kusini. Hilo nalijua tangu naanika muhogo. Na Desemba ni Desemba. Nikalizungusha pazia mpaka jua likakaa kusini, na baraza lile likawaka. Sakafu ikapata rangi ya chai ya maziwa, wale watu wa kubandika waliokaa kwenye viti wakapata vivuli vifupi vizuri, na mimi nikapata furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nifike nchi hii. Daftarini nimeandika: "Leo nimeweka jua." Nikaenda kumalizia choo cha wanaume.

Jumamosi ile Papa Deo alinialika niende nikaone watu wanavyoiona kazi yangu. Nilivaa gauni la Idi. Ubao ulikuwa umesimamishwa kwenye chumba cha mikutano cha mtaa, kuna keki na chai, watu kama hamsini hivi: Waaustralia wazee, Wasamoa, Wakongo, mama mmoja wa Kisomali na mabinti zake. Wakaipenda. Nilisikia kwa masikio yangu. "Tazama hilo baraza." "Hapo ndipo nitakapokaa mimi na magoti yangu." Mzee mmoja alikuwa tayari anagawana viti na mwenzake. Russell alisimama mikono nyuma, ametulia, na Papa Deo alinikonyeza kwa mbali kama mtu ambaye barua yake imeshatiwa saini.

Ndipo akaja bibi mmoja mwembamba, miwani kwenye kamba shingoni. Noreen. Akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Kamba yangu iko wapi?" akauliza.

Russell akasema samahani, kamba gani.

"Ya nguo. Hii ni nyuma ya kwangu. Nimeanika hapo miaka thelathini na moja." Akanyoosha kidole. "Na hili jua linatoka wapi, mpenzi?"

Akajijibu mwenyewe.

"Jua liko upande wangu. Ndiyo maana nguo zangu zinakauka. Huku barabarani huota ukungu, ukitaka nenda kaangalie, ukuta umekuwa kijani. Labda alfajiri wakati wa Krismasi mtapata dakika chache, sitaki kusema uongo. Lakini mchana? Mkikaa kwenye baraza hili mwezi wa Julai mtatoka na nimonia."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu wote walikuwa wanaishi pale na wote walijua ni kweli, ila picha ilikuwa imewasahaulisha. Sydney iko kusini mno, hata Desemba jua la mchana linabaki kaskazini. Yule mzee wa viti alisema polepole, "Noreen ana haki." Mama mmoja akauliza kama na jiko nalo ni uongo. Waliotuagiza wakamtazama Russell, Russell akaitazama picha, na masikio yake yakawa mekundu kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha keki. Sikumbuki nilikipeleka wapi.

Jumatatu nilifanya kazi polepole makusudi ili niwepo wakifika. Nilikuwa ukumbini na mopu, mlango uko wazi. Russell hakupaza sauti. Akauliza: "Nani alizungusha mbingu?"

Papa Deo akasema, "Ni mimi."

"Una uhakika?"

"Ni yangu, patron."

Russell akasema, basi, suala la barua tutalizungumza baadaye. Akaenda kuosha kikombe. Nami nikabaki na mopu inachuruzika. Ningeweza kuingia nikasema. Hatua kama kumi. Sikuingia. Nilijiambia kwamba nikisema ni mimi, itabidi nieleze msafishaji alikuwa anafanya nini kwenye kompyuta, na hapo Papa Deo ataanguka zaidi. Nikajiambia pia kwamba nikinyamaza, mtu amebeba kosa langu na atarudi nalo masandukuni. Mawazo yote mawili yalikuwa sawasawa kwa uzito, na sikuwa na mtu wa kumwuliza ila yeye mwenyewe, na yeye asubuhi iliyofuata alikuja na mikate kama kawaida, akasema tu, "Kula, mama. Leo hatugusi mbingu."

Hilo lilinimaliza. Jioni yake niliandika barua kwa Kiingereza, kamusi pembeni. Nakala ipo daftarini. Iliandikwa hivi, nikiitafsiri: "Ndugu Russell. Mbingu niliizungusha mimi, msafishaji. Deo ni mwalimu mzuri, kosa si lake. Nilidhani Desemba hapa ni kama Desemba kwetu. Kompyuta sikuiharibu. Kamba ya yule bibi niliitoa mimi pia. Doa la kahawa kwenye zulia la chumba cha mikutano si langu, nimelijaribu na sabuni mbili. Samahani. Tatu." Alfajiri nikaiweka mezani kwake chini ya kikombe. Papa Deo sikumwuliza. Hapo ndipo palipokuja kuniuma baadaye: sikumwuliza.

Kesho yake Russell akaja saa kumi na mbili na dakika hamsini, jambo ambalo halikuwahi kutokea, barua yangu mkononi. Tulikuwa jikoni. Papa Deo mdomo umejaa.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Nikasema miezi saba.

"Ile ya ufukweni?"

"Kosa la bahari niliona mimi, akaishusha yeye. Mawingu yangu."

"Kliniki ya mifugo?"

"Miti yangu. Mbwa wake."

Russell akavuta kiti akakaa, na kwa jinsi kijichumba kile kilivyokuwa kidogo magoti yetu sote watatu yakagusana. Alikaa akiisoma tena ile barua. Halafu akasema mambo ambayo niliyaandika siku ileile nisije nikayapamba. Akasema mimi nisiguse tena kompyuta, kwa sababu za bima, na kwamba anasikitika kusema hivyo kwa sababu mawingu yalikuwa mazuri. Akamgeukia Papa Deo akasema kosa la jua lingepita, yeye mwenyewe aliiona ile picha kabla haijachapwa na hakugundua, na amezaliwa hapa. Lakini kumfundisha mtu kazi chumbani kwake miezi saba bila kumwambia, hilo linampa shida. Barua ya kazi itangoja miezi mitatu zaidi. Akasimama. Mlangoni akageuka: "Doa la kahawa ni langu."

Kwa hiyo msomaji anaona. Jua halikumponza Papa Deo. Barua yangu ndiyo iliyomponza. Ningenyamaza, angepata ya kwake mwezi uleule. Niliandika ili nimwokoe, au ili nilale usingizi, na miaka kumi na sita nimelipima hilo bila kupata jibu. Yeye hakuniambia neno. Wiki iliyofuata kampuni yangu ilinihamishia jengo jingine, kwa ratiba zao tu, na mimi nikafurahi, niseme kweli, kwa sababu ya aibu. Miezi mitatu ikapita, barua ikatoka. Nilisikia kwa mkewe, tulipokutana dukani kwenye unga wa muhogo, kwamba amenunua meza. Baada ya hapo tukawa watu wa kusalimiana harusini na misibani, "habari za watoto," "nzuri," na kila mmoja na sahani yake. Mimi nikaingia kazi ya kutunza wazee, ndiyo niliyo nayo mpaka leo. Picha za nyuma ninatengeneza bado, za kadi za harusi za watu wetu, bure, na nikimaliza kadi huwa naangalia mara mbili mwanga unatoka wapi.

Na ukumbi ukajengwa. Hili ndilo la kuchekesha. Wakazi walikuwa wameshalipenda lile baraza lenye jua, na Noreen alikuwa ameshawaambia jua liko wapi, basi wakasema: lihamisheni baraza. Mchoraji wa ramani ya jengo akalipeleka nyuma, kaskazini, likatazama uzio wa Noreen. Papa Deo akatengeneza picha upya, mbingu kaskazini, na safari hii kamba ya nguo akaiacha, na gauni la zambarau. Wanasema Noreen aliomba nakala. Alifariki miaka mitano iliyopita. Nyumba yake inakaliwa na familia nyingine, lakini kamba ni ileile, na Jumamosi ilikuwa na sare za shule na taulo moja yenye picha ya papa, yule samaki.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekaa. Hotuba zilikuwa zimekwisha. Russell alikuwa amezungumza, mvi tupu sasa, akasema Deo ndiye mtu pekee aliyewahi kukataa likizo badala ya kuiomba. Vijana walikuwa ndani na muziki wao. Mke wa Papa Deo, Mama Furaha, alinijazia sahani mara ya tatu bila kuniuliza. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Papa Deo," nikasema. "Ile barua niliyoandika."

"Barua gani?"

"Kwa Russell. Sikukuuliza kwanza. Ulipoteza miezi mitatu. Nimetaka kukuomba samahani tangu siku ile."

Akaweka uma. Mimi nikaitazama ile taulo ya papa.

"Nilikasirika," akasema. "Ni kweli. Mwezi muzima."

"Miwili," akasema Mama Furaha.

"Miwili. Lakini si juu ya miezi mitatu, mama. Miezi mitatu ilikuwa haki, patron alikuwa na haki, ningemwambia tangu mwanzo. Mimi nilikasirika juu ya ile jua."

Nikasema lakini jua nilikiri ni langu.

"Njo ile sasa." Akageuza kiti chake anitazame vizuri. "Wewe uliizungusha asubuhi, ukaenda na mopu yako. Mimi nikakaa pale, nikafungua, nikaangalia. Nikasema: mbona jua liko kusini? Nikafikiri. Nikasema: ah, Desemba. Bukavu Desemba jua linakuwa kusini. Huyu mutoto anajua kazi. Nikaiacha. Mimi, mwenye diplome ya ujenzi. Patron akaniuliza, nikasema ni yangu kwa sababu ilikuwa yangu. Sikuwa nakufunika. Nilikuwa nasema ukweli, siku ngumu ile, na nilijisikia mwanamume. Halafu unakuja na kikaratasi, unasema ni yako. Patron ananitazama kama mutu wa kusema uongo muzuri. Ukaninyang'anya."

"Miaka kumi na sita," akasema Mama Furaha, "kila Krismasi lazima aniambie hiyo habari. Eti kosa lake limeibwa."

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba wema wake kama deni, kumbe hakukuwa na wema, kulikuwa na mtu mkweli tu, na mimi nilikuwa nimempita na ukweli wangu bila kuangalia. Nikaanza kucheka, na yeye akaanza, na Mama Furaha akaondoa sahani magotini mwetu zisije zikaanguka.

"Basi chukua nusu," nikamwambia.

"Nusu nakubali. Ya kamba ni yako peke yako."

"Ya kamba wewe ndiye uliyesema toa."

"Patron alisema."

Tukalifikisha shauri hilo kwa Russell, aliyekuwa anatafuta kijiko, na yeye akasema ya kamba anaichukua, iongezwe kwenye doa la kahawa.

Ilikuwa imefika saa tisa na kivuli cha ukuta kilikuwa kimetufikia miguuni. Mama Furaha akasema tusogee, tutashikwa na baridi. Tukasimama mimi na Papa Deo, kila mmoja ameinua kiti chake, na tukabaki hivyo na viti mikononi, tumeinua nyuso, tunaangalia kwanza jua liko wapi.